Shahada ya uhusiano wa kimataifa isiyomjua jirani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza hata mlipochapisha picha ya bandari ya Tanga mkaandika chini yake kuwa ni Dar es Salaam. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya chuo kikuu kimoja kujisifu kwamba kimeupitia upya mtaala wa shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa ili wahitimu wake "wakidhi mahitaji ya soko la ajira", imenitoa kwenye ukimya. Soko la ajira ni mimi. Sikumbuki kuulizwa.

Mwandishi wenu aliweka na orodha ya kozi, na kwa hilo namshukuru, maana wengi huishia kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Kozi za lazima ni nadharia za uhusiano wa kimataifa, sehemu ya kwanza na ya pili, historia ya diplomasia ya Ulaya, kuanzia mkataba wa amani wa Westphalia mwaka 1648 na kupitia mkutano wa Vienna mwaka 1815, Vita Baridi, siasa za nje za mataifa makubwa, sheria ya kimataifa, mbinu za utafiti, stadi za maendeleo, kompyuta. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Kisha unashuka chini kabisa, kwenye kozi za hiari, na huko ndiko kilikotupwa Kifaransa, kisanduku kimoja na Ujasiriamali na Utunzaji wa Mazingira: chagua moja. Kireno hakipo.

Nchi hii inapakana na nchi nane. Kongo na Burundi makaratasi yao ni ya Kifaransa. Msumbiji ni Kireno. Rwanda wamehamia Kiingereza, sawa, lakini ukikaa na karani wao aliyesoma zamani utajua moyo wake uko wapi. Shahada ya miaka mitatu nchini ina krediti 360 kwa uchache, na katika hizo zote hakuna hata moja ambayo mwanafunzi analazimika kuitumia kujifunza kusema "habari za asubuhi" kwa lugha ya jirani ambaye hajui Kiswahili. Akiambiwa achague mwenyewe, atachagua Ujasiriamali, kwa sababu lugha haikaririwi usiku wa kuamkia mtihani, na kila mtu anailinda GPA yake. Mimi pia ningefanya hivyohivyo ningekuwa na miaka ishirini na mkopo wa Bodi.

Sasa nikueleze kilichonipata. Kazi yangu ni kugomboa mizigo bandarini, hasa ya transiti, yaani inayopita tu hapa kwenda nchi jirani. Mwaka jana nilimpokea kijana wa fildi, mtoto wa jirani, anayesoma shahada hiyohiyo katika chuo kingine ambacho sitakitaja. Kijana mwenye adabu, anawahi kazini, shikamoo yake ya wima. Nikasafiri kwenda Tunduma kushughulikia lori lililozuiwa, nikamwachia ofisi pamoja na karani wangu, ambaye siku hizo aliuguliwa na mama yake. Kulikuwa na kontena la mteja wa Lubumbashi linalosubiri kupakiwa. Unajua, au pengine hujui, kwamba mzigo wowote wa kwenda Kongo lazima uwe na hati yao iitwayo FERI, na jina la mpokeaji kwenye hati hiyo likitofautiana na lile la kwenye hati ya meli, huko mbele ni faini na mzigo kulala. Mteja akaligundua kosa la jina mapema. Akaandika baruapepe, ndefu, ya heshima, kwa Kifaransa, kwamba kontena lisitoke mpaka arekebishe. Kijana wangu akaipokea, akaichapa, akaiweka vizuri kwenye trei yangu. Lori likapakiwa. Likapita Tunduma, likapita Nakonde, likaikata Zambia yote, likaenda kusimama Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na huko likakaa huku mwenye lori akinihesabia dola kwa kila siku gari linaposimama. Mteja akanipigia simu usiku. Watu wa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, chao, kizuri tu, kimechanganyika na Kifaransa. Ila wakikasirika Kiswahili kinapungua na Kifaransa kinazidi, na usiku ule hakikubaki Kiswahili hata kidogo. Nilipomuuliza kijana, akanijibu kwa unyenyekevu kabisa: "Mzee, Kifaransa kilikuwa cha hiari, na muhula ule mwalimu hakuwepo." Kisha, kunituliza nadhani, akanieleza kwa nini Kongo ni taifa lenye utawala dhaifu, kwa mujibu wa nadharia tatu tofauti. Alieleza vizuri. Ile bili ya Kasumbalesa nimeilipa mimi.

Simlaumu yeye. Mtoto hawezi kujifunza kwa mwalimu ambaye hayupo. Namlaumu aliyeandika mtaala akaiweka kozi kwenye karatasi bila mtu wa kuifundisha, halafu akaita hiyo "hiari".

Na msiniambie habari za simu kutafsiri. Simu inatafsiri barua, ndiyo, kwa mtu anayejua kwamba barua ile ni ya haraka. Haimpokei mteja anayefoka saa tano usiku. Haikai kwenye benchi la ofisi ya forodha kumtania afisa mpaka atabasamu na kulitafuta faili.

Halafu, kwa kuwa tumeigusa fildi: hivi wahadhiri wanaokuja kukagua wanafunzi huwa wanakagua nini? Yule wa kijana wangu alifika jioni, gari likiwa linaunguruma nje, akauliza kama mwanafunzi anavaa vizuri, akasaini daftari la kumbukumbu, akaomba na mimi nisaini, akaondoka kuwahi ofisi nyingine. Nilikuwa nimeiandaa ile barua ya Lubumbashi mezani nimwonyeshe. Hakukaa. Fomu aliyoniachia nijaze ilikuwa na maswali kuhusu nidhamu, ushirikiano na usafi. Hakuna mahali panapouliza kama mwanafunzi ameelewa kazi, wala panapouliza amekosa nini darasani ambacho kingemsaidia. Sisi tunaowapokea vijana hawa bure, tunaowalisha chakula cha mchana, tukisema neno tunaambiwa mtaala ni suala la kitaalamu. Ndipo baadaye tunasoma gazetini kwamba "wadau walishirikishwa". Wadau gani? Serikali imechukua mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kuimarisha elimu ya juu, na kupitia mitaala ni sehemu ya kazi hiyo. Kwenye fedha hizo haikosekani nauli ya daladala ya kumleta mtu mmoja Kurasini atuulize.

Nilipomsimulia haya rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinikatiza hapo. Akasema Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, na ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, basi wao ndio wajifunze cha kwetu. Nami nakipenda Kiswahili, ndicho ninachokuandikia. Lakini SADC kabla yetu ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na bado inazo. Mtu atakayekaa kwenye kile kibanda cha wakalimani kukifikisha Kiswahili chetu masikioni mwa mjumbe wa Kinshasa au Maputo lazima ajue na lugha ya mjumbe. Tumepigania mlango ufunguliwe, tumefunguliwa, na hatuna wa kuingia. Arusha ilikaa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kuanzia 1995 mpaka 2015, ikiendesha mashauri kwa Kiingereza na Kifaransa. Miaka ishirini! Mtoto aliyezaliwa ilipoanza alikuwa ameshafika chuo kikuu ilipofungwa, na huko chuoni akakuta Kifaransa ni hiari.

Wala si kwamba mambo haya ni mageni hapa. Mwaka 1921 Wabelgiji waliwekeana mkataba na Waingereza wakapewa eneo lao katika bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kodi ikiwa faranga moja kwa mwaka. Belbase, ndivyo palivyoitwa. Karne nzima mizigo ya watu wanaosema Kifaransa inapita mbele ya pua zetu. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa mji huuhuu mwaka 1962. Chuo cha Diplomasia hapa Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Msumbiji (na nisieleweke vibaya, kijana wangu hakutoka pale). Nilimuuliza kijana kama amewahi kusikia Belbase. Hapana. Mkutano wa Vienna anaujua mpaka nani alikaa upande gani.

Mimi Kifaransa changu nilikiokota kwa madereva na makarani wa Bujumbura, kibovu, hakina sarufi, lakini kinatoa mzigo. Huu hapa mchango wangu kama mdau ambaye hakushirikishwa. Hizo nadharia sehemu ya kwanza na ya pili ziunganishwe ziwe moja, wananadharia hawataandamana. Muhula uliobaki uwe wa Kifaransa au Kireno, lazima, na mwalimu aajiriwe kwanza ndipo kozi iandikwe. Mtihani wake usifanyikie ukumbini. Mwanafunzi apandishwe basi Kigoma, avushwe mpaka wa Manyovu bila simu, aende Bujumbura atafute muuzaji wa kahawa, arudi na bei ya tani moja kwa maandishi, kwa Kifaransa, yenye muhuri na tarehe. Asiporudi nayo, asapu mwaka unaofuata kwa njia hiyohiyo.

Nauli za wanafunzi wawili wa kwanza nitatoa mimi. Ya tatu nitamlipia mkuu wa idara, naye aiache simu Manyovu.

Mgomboa mizigo,
Kurasini, Dar es Salaam