Kwa Vijana wa Lamu Mlio Vyuoni: Ni Nini Kinachowasukuma Kuanza Biashara?

Assalamu alaikum, wanangu.

Mnaporudi likizo nawasikiliza, na wengi wenu mlioko Nairobi na Mombasa mnazungumza habari ya kufungua kampuni za programu za simu hata kabla ya kumaliza masomo. Sina neno la kuwazuia. Nataka tu mjiulize kinachowasukuma, kwa kuwa sababu iliyomwanzisha mtu ndiyo itakayomshikilia biashara itakapokwenda miezi bila faida.

Wako wanaosukumwa na uhaba wa ajira. Hiyo ni sababu ya kweli wala haina aibu, ila ikiwa peke yake humalizika siku barua ya kazi inapofika. Wengine huvutwa na mji wenyewe wa teknolojia, kama Nairobi, na mvuto huu unahitaji kueleweka vizuri. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya kutenda jambo hujengwa na mambo matatu: jinsi mtu anavyolipima jambo lenyewe, jinsi anavyoona watu wake wa karibu watakavyolichukulia, na imani yake kwamba analiweza. Naona miji ya teknolojia huwajenga vijana hasa katika hayo mawili ya mwisho. William Hewlett na David Packard, waanzilishi wa kampuni ya HP, walianza katika gereji huko Palo Alto, California, mwaka 1939 kwa mtaji wa dola 538, lakini nyuma yao alikuwepo mwalimu wao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Frederick Terman, aliyewahimiza. Nairobi nayo ilipata M-Pesa mwaka 2007, Ushahidi, mtandao wa kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, mwaka 2008, na iHub, ukumbi wa wabunifu wa teknolojia kukutana na kufanyia kazi, mwaka 2010, na mwanafunzi akaweza kuketi karibu na mtu aliyekwisha kujaribu, akamuuliza alivyofanya.

Huku nyumbani watu hao wa karibu ni sisi wazazi. Tukimwambia kijana kila siku kwamba kazi ni ya serikali tu, tunamvunja moyo kabla hajaanza, na hili nawaambia wazee wenzangu waziwazi.

Hata hivyo, mji hauwezi kuwapa shida ya kutatua. Ushahidi ilizaliwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu walipohitaji kujua ni wapi pana hatari. Waanzilishi wake walianza na haja iliyokuwa mbele ya macho yao. Nyinyi pia mnazo haja mnazozijua kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Mvuvi akifika gatini na nguru wake, barafu imekwisha kuwa maji, hawezi kubishana na dalali. Hupokea bei anayotajiwa, kwani jua likipanda samaki ataharibika mikononi mwake. Mtu wa mbali akisikia habari hii atakimbilia kutengeneza programu ya kutangaza bei za Malindi na Mombasa. Aliyesimama pale gatini atajua kwamba bei hiyo haimfai mvuvi asiye na pa kumhifadhi samaki mpaka mnunuzi wa pili apatikane, na kwamba biashara yenyewe huenda ikawa barafu, chombo cha kusafirishia na malipo ya haraka, simu ikiwa ni kiungo tu. Ujuzi huo ni mtaji, na wengi wenu mnauacha nyuma mnapopanda mashua kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.

Kwa hiyo likizo ijayo, kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, nendeni gatini alfajiri na daftari. Waulizeni wavuvi barafu wanainunua kwa nani na kwa kiasi gani, ikikosekana hufanya nini, na wanamdai nani. Waulizeni pia madalali, maana nao wana gharama zao na hasara zao. Kisha tuleteeni hesabu hizo sisi wazee tuzipitie pamoja, na mwenye uwezo wa kuchangia mtaji atachangia.

Ni mimi mzee wenu, Lamu.