Mjadala wa Jumamosi: David Carradine

Ndugu wanakikundi, assalaam aleikum.

Jumamosi hii, baada ya sala ya alasiri, tutakutana karibu na Ngome Kongwe kumzungumzia David Carradine, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Hollywood mwaka 1936 akiwa mtoto wa mwigizaji mashuhuri, John Carradine. Ndugu zake wa kwa baba, Keith na Robert, nao waliishika kazi hiyo hiyo.

Nawaomba mjiandae hasa kwa tamthilia ya "Kung Fu", iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia 1972 hadi 1975, ambamo aliigiza Kwai Chang Caine, mtawa wa Shaolin (hekalu la Kibudha la China) anayetangatanga Marekani ya magharibi. Itazameni kwa makini sehemu anayoinua chungu kizito cha chuma chenye makaa kwa mikono isiyofunikwa, hadi alama za joka na chui milia zikabaki zimeungua kwenye ngozi. Carradine hakuwa amejifunza mapigano ya kung fu kabla ya kupewa nafasi. Alitegemea ujuzi wake wa kucheza dansi, jambo ambalo wenzetu waliopitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, watalielewa upesi kuliko sisi wengine.

Tusikwepe suala zito: mhusika ni nusu Mchina, nafasi akapewa Mzungu, ilhali Bruce Lee, mwigizaji mwenye asili ya Kichina, alifikiriwa. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa, hata kama kazi yenyewe aliifanya vizuri.

Filamu za "Kill Bill" (2003 na 2004) tutazigusa kidogo tu. Alifariki Bangkok mwaka 2009.

Mwenye spika anijulishe kabla ya Ijumaa, tafadhali.