Atupele, sindano umeziacha

Mwanangu Atupele,

Nilikuwa natafuta shuka la mdogo wako kabatini nikakuta boksi lako la sindano za insulini, dawa yako ya kisukari, halijaguswa. Basi lenu la Dar lilikuwa limeshapita Makambako. Nilipokupigia ukasema, "Mama, hizo za zamani, sasa nina pampu." Nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa katikati ya abiria, ila sikuridhika.

Pampu naikubali. Shangazi yako alipoileta kutoka Ujerumani, mimi ndiye niliyemsikiliza nesi mpaka mwisho, wewe unachezea simu. Zamani ukichoma insulini ile ya usiku, mwilini ilibaki akiba ya kukufikisha kesho. Pampu haina akiba. Inadondosha insulini ya haraka tu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mpira unaopitisha insulini ukijikunja, au kanula, kile kimrija cha chini ya ngozi, ikichomoka ukiwa usingizini, saa chache tu mwili hauna insulini. Sukari inapanda, ketoni, ile sumu ya mwili uliokosa insulini, zinaanza, unatapika, na wenzako watasema ni malaria.

Sukari ikipita 14 mmol/L kwenye kipimo, ukaiamuru pampu iongeze na bado haishuki, usibembelezane na mashine. Chota insulini ileile unayoijazia, jichome, ndipo ubadilishe mpira na kanula. Sasa utachota na nini, Atupele? Na kalamu ya wino?

Sisemi huiwezi. Mtoto anayetazama sahani ya ndizi akataja wanga wake, na kipimo kikamuunga mkono, nani mwingine anaye hapa Tukuyu? Kina mama wa kwaya wamechoka kunisikia. Lakini wewe ukipata kipya unadharau kilichokuvusha. Habari ya baiskeli unaijua, sirudii.

Kanula badilisha kila siku 2 au 3, na usirudie palepale. Usiivute hadi siku ya tano eti unabana matumizi. Kubana najua umekuona kwangu, ila bana sabuni. Ukienda kuogelea baharini ukaivua, isizidi saa moja, na usiiache juani. Joto la Dar linaharibu insulini.

Mwenzako wa chumbani umemwambia? "Nitamwambia" nimeshaisikia. Mwambie leo. King'ora cha pampu kikilia usiku akuamshe. Sukari ikishuka chini ya 4 unywe soda yenye sukari, siyo ile mnayokunywa ya kupunguza unene, kisha upime tena baada ya dakika 15. Akikuta huamki, asikumiminie kitu mdomoni, akimbilie hospitali na wewe.

Huku mvua haijakata. Jiko linavuja upande uleule. Baba yako amemuuzia dalali parachichi zikiwa bado mtini, na bei siitaji nisije nikakasirika upya. Mdogo wako anataka kuhamia kitandani kwako. Nimemwambia asubiri kwanza, naye amenuna. Viatu vya shule vimemtoboka, kwa hiyo hela ya matumizi mwezi huu itachelewa kidogo, usipige simu kila siku.

Boksi nimempa kondakta wa basi la kesho, pamoja na karanga. Kalipokee stendi ya Magufuli, Mbezi, usimtume mtu. Sindano zikae kwenye mkoba unaotembea nao, siyo kwenye begi chini ya kitanda. Ukishazipokea nitumie picha zikiwa humo mkobani. Ujumbe wa "sawa Mama" siutaki.

Mama yako