Azimio la Lambeth tulisome mpaka kwenye nukta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niwajibu ndugu zangu Waanglikana wanaosema eti mtu yeyote akitaja huduma ya kichungaji kwa mashoga na wasagaji basi huyo katumwa na wazungu na hela kashakula. Mi sijatumwa wala sijala hela ya mtu, ni muumini wa kawaida tu hapa Tanga mjini, Misa naenda, sadaka natoa nikiwa nayo, na haya naandika kwa simu nikiwa dukani wateja wakipungua.

Kila mjadala huu ukianza watu wanachomoa Azimio 1.10 la Lambeth, ule mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa 1998, kama wanachomoa sime. Sawa, lipo na lilipita, kura 526 za ndiyo, 70 za hapana, na maaskofu wa Afrika ndio walilisukuma kwelikweli. Linasema ndoa ni ya mume na mke, linasema tendo la jinsia moja haliendani na Maandiko, linasema Kanisa haliwezi kushauri kubariki miungano hiyo, hayo yote yamo na wala sijaja kuyafuta. Ila jamani someni mpaka kwenye nukta! Sentensi ile ile inayokataa tendo, ukivuka mkato tu, inawataka watu wetu wote wawahudumie kichungaji na kwa uangalifu watu wote bila kujali mwelekeo wao, na walaani ile hofu isiyo na sababu juu ya mashoga. Kipengele cha juu yake maaskofu wanaahidi kuwasikiliza hao watu wakieleza maisha yao, wanasema Mungu anawapenda na kwamba kila aliyebatizwa, akaamini na kuwa mwaminifu ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo. Sasa hapo mzungu aliyenituma ni yupi, si maaskofu wetu wenyewe waliopiga hiyo kura?

Toka 1998 mpaka leo nauliza, hapa kwetu nani kamsikiliza nani? Sisemi mkutano mkubwa, nasema padri kukaa na kijana mmoja nusu saa bila kumtolea macho. Ninachokiona mimi ni kingine. Kijana anahisiwa tu, hajakamatwa na jambo, hajasema kitu, basi anatolewa kwaya, wiki inayofuata kwenye jumuiya wanasali "kwa ajili ya mwenzetu aliyeingiwa" na kila mtu anajua ni nani, mama yake kakaa pale pale kwenye mkeka kainamisha uso. Huyo mama hakuna aliyemfuata nyumbani. Wengine wanapelekwa kwenye maombezi huko kwa manabii, wanafungishwa siku kadhaa bila kula, wanamwagiwa mafuta, pepo halitoki kwa sababu hakuna pepo, kijana anarudi kakonda na Kanisa kashaliacha. Mwisho anapanda basi kwenda Dar na ndo tumemaliza kazi ya uchungaji hivyo!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Tanga sisi si wageni wa kazi hii. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kutoka Uingereza waliofika Magila karne ya 19 walituachia Kanisa lenye kitubio, padri anasikiliza na anayoyasikia anakufa nayo, hiyo siri ni hazina ambayo makanisa mengi mapya ya siku hizi hayana. Halafu kuna Hospitali Teule ya Kanisa letu pale Muheza. Wakati UKIMWI unatumaliza, kuna nyumba mgonjwa alikuwa anatengewa kikombe na sahani na mimbarini watu wanaambiwa ni adhabu ya zinaa, lakini Muheza ikaanzishwa hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, na watu wakawa wanafuatwa mpaka majumbani, mwenye UKIMWI, mwenye kansa, wanapewa dawa ya maumivu, wanaongea na familia. Hakuna nesi aliyeanza kwa kuuliza ulipatia wapi, na hakuna aliyesema kwa kumhudumia mgonjwa Kanisa limebariki uzinzi. Mbona hilo tuliliweza?

Wenzetu wa Uingereza wana ya kwao. Kule yalianza makundi ya waumini yanayotetea mashoga na wasagaji kanisani, kama Changing Attitude 1995 na Inclusive Church 2003, hii ya pili ilizaliwa baada ya padri Jeffrey John, ambaye ni shoga, kulazimika kujitoa asiwe askofu wa Reading, na kazi yake kubwa iko chini kwenye parokia, baraza la parokia linakaa linapiga kura kujiunga. Februari 2023 sinodi yao, yaani baraza kuu la Kanisa, ikaunga mkono sala kwa wapenzi wa jinsia moja, Desemba mwaka huo zikaanza kusaliwa, na ugomvi haujaisha. Yao wayamalize wao. Mi simwambii mtu hapa Ngamiani aige London, ila kusema kwamba huduma yote ni ajenda ya London si kweli, kwa sababu hata Uganda alikuwepo Askofu Christopher Senyonjo, kastaafu 1998 dayosisi ya West Buganda, mzee wa watu akaanza kuwasikiliza vijana wa namna hii, Kanisa lake likamfungia huduma. Huyo naye mzungu?

Sheria naijua, msinitumie meseji. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kifungo cha miaka isiyopungua 30 mpaka maisha kwa ngono kinyume cha maumbile. Hilo ni la serikali na bunge, ingawa ukiniuliza nitakwambia wakuu wa majimbo ya Kianglikana walipokutana Canterbury Januari 2016 walirudia kusema hawakubaliani na adhabu za jinai kwa watu hawa, na hilo nalo hulisikii likisomwa kanisani. Ila kifungu hicho hakimkatazi padri kumtembelea mgonjwa, hakikatazi kumzika mtu aliyebatizwa, hakikatazi kumsikiliza mama anayelia.

Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Majina ya watu yasitajwe wala kuonyeshewa ishara kwenye matangazo na maombi ya jumuiya. Mtu asitolewe kwaya wala kunyimwa Komunyo kwa fununu, padri amwite kwanza wakae wawili. Mapadri na makatekista wafundishwe kusikiliza, hospisi ya Muheza walimu wapo jirani kabisa. Umoja wa Akina Mama wawatembelee wazazi kama wanavyotembelea wafiwa. Na kama kuna kijana anataka kusema habari zake kwa padri, akute mlango wa kitubio, asikute kikao cha wazee.

2018 askofu wa dayosisi hii hii ya Tanga alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania nzima, kwa hiyo jambo likianzia kwetu lina njia ya kufika mbali. Sinodi ijayo ya dayosisi naomba mjumbe yeyote asimame aombe Azimio 1.10 lisomwe lote, kwa Kiswahili, kuanzia kipengele cha kwanza hadi cha mwisho, halafu aulize parokia kwa parokia nani kafanya nini. Mi si mjumbe, ningeuliza mwenyewe.

Muumini, Ngamiani, Tanga
(Jina langu mhariri unalo, usilitoe.)