Wapeni vijana paja moja na miezi sita

Bwana Mhariri,

Ninaandika kutoka Cimpunda, Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni mama wa miaka 61, na tangu usichana wangu kazi yangu ni kukausha mapaja ya nguruwe kwa chumvi, ile nyama ambayo hapa kwetu tunaiita jamboni. Naomba nafasi katika gazeti lako kwa sababu ya kijana aliyefika mlangoni kwangu mwezi wa 6, mkono mmoja umeshika cheti, mwingine umeshika ndoo yenye mapaja mawili yaliyooza.

Kijana huyo ni wa Bagira. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu ya kutengeneza jamboni. Siku ya kwanza walisikiliza. Siku ya pili walimtazama mtaalamu akidunga nyama sindano ya maji ya chumvi, kisha akaichemsha. Siku ya tatu walipigwa picha, wakapewa vyeti. Katika siku hizo zote hakuna kijana aliyegusa chumvi kwa mkono wake. Huyu aliporudi nyumbani alikopa pesa kwa shangazi yake, akanunua mapaja mawili, akayapaka chumvi na kuyaweka chini ya kitanda, kwa kuwa aliambiwa chumvi hulinda nyama. Kwa nje yalikuwa makavu, mekundu, yanapendeza. Ndani, pale mfupa wa paja unapoingia kwenye nyonga, nyama ilikuwa imegeuka kijivu na kunuka. Nikampa kiti, nikamwambia, "Mwanangu, kosa si lako." Akalia, mwanaume wa miaka 22, mbele ya wajukuu wangu.

Sitataja waliomfundisha. Huenda walikuwa na nia njema. Ila wamewafundisha vijana kwamba kazi hii ni ya siku tatu, na uongo huo umemgharimu shangazi ya kijana huyo akiba yake yote.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mapadri upande wa Walungu. Kukausha jamboni alifundishwa na bruda mmoja Mbelgiji, na alifundishwa kwa kufanya, mwaka hadi mwaka. Misheni ilikuwa na frigo ya mafuta ya taa, na nakumbuka baba akiamka usiku kuangalia kama utambi unawaka. Sikuelewa kwa nini mtu aamke usiku kwa ajili ya nyama. Nilikuja kuelewa nikiwa na frigo yangu mwenyewe. Mwaka juzi umeme ulikatika siku nne mfululizo, mapaja yangu sita yakiwa na siku 12 tu kwenye chumvi. Manne niliyazika. Tangu hapo sikosi chupa za maji yaliyoganda ndani ya frigo, na kipimajoto kimefungwa kwa uzi pale katikati.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chumvi haiingii kwenye nyama kwa siku moja. Inatembea polepole kutoka nje kwenda kwenye mfupa, na wakati inatembea, ile nyama ya ndani haina ulinzi wowote isipokuwa baridi. Inatakiwa baridi ya nyuzi 2 hadi 4. Bukavu tunasifiwa hali ya hewa nzuri, lakini hewa nzuri ya mtu ni joto kubwa kwa nyama mbichi. Chini ya kitanda, uozo hufika kwenye kiungo kabla ya chumvi.

Mimi hufanya hivi. Kwanza nakamua damu. Kwenye upande wa ndani wa paja kuna mshipa mkubwa unaofuata mfupa. Naubana kwa dole gumba, nikisukuma kutoka chini kwenda juu, mpaka lisitoke hata tone. Damu iliyobaki ndiyo mlango wa uozo. Kisha chumvi: gramu 80 kwa kila kilo ya nyama, pamoja na gramu 20 za sukari nyekundu. Baba alitumia sukari ya Kiliba, kule karibu na Uvira, wakati kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, na alipenda kusimulia kwamba wazee wake walikula chumvi ya Uvinza, huko Tanzania, iliyovuka ziwa Tanganyika. Siimwagi yote mara moja. Naigawa mara tatu: siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya kumi, na kila mara naisukuma kwa vidole pale kwenye mfupa uliokatwa, maana pale ngozi haipo na ndipo inapoingia. Nahesabu siku nne na zaidi kidogo kwa kila kilo. Paja la kilo 9 linakaa siku 40. Likitoka naliosha, nalirudisha kwenye baridi siku 20 bila kuliongezea kitu, ili chumvi iliyojaa nje igawanyike mpaka katikati. Vijana wengi hutaka kuiruka hatua hii kwa sababu kwa macho hakuna kinachotokea.

Baada ya hapo ni moshi, siku tatu, moshi wa baridi usiopika. Natumia mti wa mpera. Mkaratusi tunao kila kilima, lakini moshi wake ni mchungu na unabaki kwenye mafuta. Kisha paja linavalishwa mfuko wa amerikani ulioshonwa bila tundu, kwa sababu kuna inzi mdogo mweusi anayependa nyama iliyokauka, na funza wake wanaruka kama wana miguu. Linaning'inizwa. Linapungua uzito wiki hadi wiki. Wamarekani wana sheria kwamba paja la namna hii lisiitwe "country ham", jina lake kwao, kabla ya kupoteza asilimia 18 ya uzito wa mwanzo, na sheria hiyo nimeifanya yangu. Ukungu unaoota juu hausumbui, unasuguliwa kwa brashi na siki. Naanza chumvi mwezi wa 3, ili mvua zikikoma mwezi wa 5 mapaja yawe tayari kuning'inia kiangazi chote.

Nimetaja Wamarekani. Mtoto wa dada yangu alihamia huko na familia yake. Wako Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Wakongomani ni wengi. Mwaka jana alinipigia simu ya video kunionyesha binti yake, mjukuu wangu wa miaka 12, amesimama kando ya paja la nguruwe linaloning'inia. Nilishika kichwa. Kumbe Kentucky jambo hili ni urithi wa mashamba yao, na watoto wanafundishwa. Vijana wa 4-H, chama cha kufundisha watoto kazi za mikono, chini ya huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky, wanaanza wakiwa na miaka 9 na wanaweza kuendelea hadi 18. Mwezi wa 1, wakati huko ni baridi kali, kila mtoto anashika mapaja mawili na kuyapaka chumvi na sukari nyekundu kwa mikono yake. Yanatunzwa kwenye ghala la pamoja. Watoto wanarudi kuyaosha na kuyaandaa, kisha joto la kiangazi linayakomaza. Mwezi wa 8, kwenye maonyesho makubwa ya jimbo, kila mtoto anasimama mbele ya waamuzi na kutoa hotuba fupi juu ya kazi hiyo, na paja lake linakaguliwa na kupewa alama. Kwenye maonyesho hayo hayo, tangu 1964, paja bingwa hupigwa mnada asubuhi moja kwa ajili ya misaada, na limewahi kununuliwa kwa mamilioni ya dola.

Habari ya mnada ilimfurahisha sana mtoto wa dada yangu. Mimi nilihesabu miezi. Kutoka mwezi wa 1 hadi wa 8. Nchi yenye mashine za kila aina, yenye viwanda vya nyama, bado inamwambia mtoto wa miaka 12: hili ni lako, lisubiri, kisha uje utueleze ulichokiona. Mjukuu wangu akaniuliza, "Koko, wewe unafukiza kwa mti gani?" Nikamwambia mpera. Akasema wenyewe huko wanapenda mti wao uitwao hikori. Tulizungumza karibu saa nzima, mimi na mtoto ambaye sijawahi kumbeba, kuhusu mfupa wa nyonga.

Sasa, wapo watakaosema jamboni ni chakula cha wazungu, si mila yetu. Nimelisikia hata kanisani. Nawauliza: sambaza, wale samaki wadogo tunaowakaanga kila jioni, walikuwa wa nani? Ziwa Kivu halikuwa nao. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, baba yangu akiwa tayari mtu mzima. Leo mtoto wa Bukavu akikosa sambaza anaona nyumba ina njaa. Kitu kinakuwa cha watu pale wanapokifanyia kazi na kuwaachia watoto wao. Nguruwe wapo Kabare, wapo Walungu, mama wengi wanalipa karo kwa nguruwe mmoja. Lakini wanauza nyama mbichi siku ile ile ya kuchinja, kwa bei ya yeyote aliyefika, kwa kuwa jua halisubiri. Ndugu zangu Waislamu na Waadventista, najua chakula hiki si chenu na siwaombi mkionje. Neno langu kuhusu vijana linawahusu nanyi vilevile, liwe la samaki au la maziwa.

Kuna jambo lingine ambalo semina haikuligusa kabisa, nalo linanitia hofu kuliko yote. Ni homa ya nguruwe ya Afrika. Inapoingia kijijini, watu wanauza haraka kabla nguruwe hawajafa, na mapaja yanakuwa rahisi sokoni. Kijana mwenye mkopo ataona bahati. Homa hiyo haimdhuru mtu anayekula, lakini kirusi chake kinaishi miezi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi. Ukitupa mfupa au ngozi, nguruwe wa jirani akaokota, umebeba ugonjwa kutoka kilima kimoja hadi kingine. Kwa hiyo mimi sinunui paja ambalo sikumwona nguruwe wake akiwa amesimama na kula, na mabaki yangu yote nayachoma moto. Hakuna anayekaa na mimi wiki mbili bila kulisikia hili mara kumi.

Ombi langu ni kwa wenye miradi, maparokia, shule za kilimo na ufugaji, na vyama vya wafugaji. Zile pesa za ukumbi, posho na fulana za siku tatu, nunueni frigo moja kubwa na sahani za jua za kuiendesha umeme ukikatika. Iwekeni mahali pamoja, chini ya mtu mzima anayeijua kazi. Mpeni kila kijana paja moja, daftari na mizani. Apime kila wiki, aandike. Asipewe cheti mpaka paja lake lifunguliwe mbele ya watu. Likioza, lifunguliwe aone limeoza wapi, na mwaka unaofuata apewe lingine. Vijana kumi kwa njia hii ni bora kuliko mia wenye picha. Najua miezi sita haipendezi kwenye ripoti.

Mimi nimeanza na watano, kwa frigo yangu. Chumvi na sukari nimetoa mimi, mapaja wamenunua wao, wengine kwa kuchangiwa na wazazi. Aliyeniletea ndoo mwezi wa 6 alikuwa amechelewa msimu, lakini hakurudi Bagira kukaa. Anakuja kila Jumamosi kuwasaidia wenzake kupima, na mwezi wa 3 ujao ataanza lake.

Jumamosi iliyopita tulifika zamu ya binti mmoja wa Nyalukemba. Paja lake lilikuwa dogo kuliko yote: kilo 8 na gramu 400 siku ya chumvi. Safari hii mizani ilisoma kilo 6 na gramu 800. Akapiga hesabu kwenye daftari: asilimia 19. Nikampa waya. Ni waya mwembamba wa chuma, wa baba yangu, umenyooshwa na kusuguliwa mpaka unang'aa. Unauchoma pale kwenye kiungo cha nyonga mpaka uguse mfupa, unauchomoa, unaunusa papo hapo kabla harufu haijakimbia. Paja bovu linanuka kama maji ya muhogo uliosahauliwa kwenye pipa. Zima linanukia utamu, kama karanga zilizokaangwa jana.

Binti akachoma, akachomoa, akanusa, akanitazama bila kusema. Nikanusa mimi. Nikampa ishara kwa kichwa. Wenzake wakapokezana waya. Wa mwisho alikuwa yule kijana wa Bagira. Aliufuta kwa kitambaa, akauliza kama anaweza kuuchoma mwenyewe, binti akamruhusu. Akauweka puani, akafumba macho, na akakaa nao muda mrefu kuliko sisi wote.

Mama mkausha jamboni,
Cimpunda, Kadutu, Bukavu