Upepo wa Troon si bahati nasibu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo uliandika hivi karibuni kwamba kwenye viwanja vya gofu vya ufuoni upepo ndio unaochagua mshindi, mchezaji abaki kuomba Mungu. Nimebeba mikoba ya gofu hapa Mombasa tangu ujanani, kwenye uwanja ulio juu ya majabali ya bahari, na kauli ile siwezi kuinyamazia. Vijana wanaofanya ukedi, yaani kazi hii ya kubebea wachezaji mikoba, hulisoma gazeti hili. Wakishaamini kwamba upepo ni bahati, hawatahangaika kuusoma.

Mlitoa mfano wa shimo la 8 la Royal Troon, Uskoti, maarufu kwa jina la Stempu ya Posta. Haya, tulizungumze hilohilo. Kutoka pa kupigia hadi kijibendera lina yadi kama 123 tu, kiwango chake ni mipigo 3, na hakuna fupi kulishinda katika viwanja vinavyoandaa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza. Siku ya shwari, mchezaji wa kulipwa hulifikia kwa fimbo fupi kabisa mkobani. Lakini mwaka 1973 Gene Sarazen, mzee wa miaka 71, alichukua fimbo namba 5 (namba ikipungua, fimbo huwa ndefu na hupiga mbali zaidi), akaupiga mpira dhidi ya upepo ukaenda chini chini, ukaingia shimoni kwa mpigo mmoja. Namba 5 kwa shimo fupi namna ile! Kijana mwenye nguvu angeona aibu kuitoa fimbo hiyo mbele ya watu.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Ukiupiga mpira kwa nguvu dhidi ya upepo, unazidi kuzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoupandisha. Unapaa, unasimama hewani, kisha unaanguka karibu au unapeperushwa pembeni. Nahodha upepo ukizidi hupunguza tanga. Mchezaji naye apunguze nguvu. Mimi huwaambia vijana wachukue fimbo ndefu kwa namba mbili, hata tatu, washike mpini chini kidogo, mpira wauweke nyuma kidogo ya katikati ya miguu, kisha wapige polepole na mikono iishie kifuani. Wakumbuke pia kwamba upepo wa mbele hula umbali mwingi kuliko ule unaoongezwa na upepo wa nyuma wenye kasi ileile.

La pili ni kulitazama shimo lenyewe. Grini ya Stempu, yaani ule uwanda wa nyasi fupi wenye kitundu na kijibendera, ni ndefu lakini nyembamba mno, imechongwa ubavuni mwa kilima cha mchanga, na mabanka matano, yaani mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, yameizunguka. Yale ya kulia yana kuta zilizosimama wima. La kushoto moja wanaliita Jeneza. Kwa hiyo kukosea umbali kidogo kunasameheka, kukosea mwelekeo hakusameheki. Anayefuata kijibendera kilichowekwa pembeni anajitafutia balaa. Lenga uti wa mgongo wa grini, bendera iwe popote, kisha kubali kusukuma mpira kutoka mbali. Upepo ukitoka ubavuni, uanzishe mpira upande upepo unakotoka, uache urudi wenyewe.

Na ukiingia bankani? Mwaka 1950 Mjerumani Hermann Tissies, mchezaji wa ridhaa, alitumia mipigo 15 kwenye shimo hilo, akitoka banka hili anaingia lile. Mwaka 2024 Joaquín Niemann alipata 8 palepale, na bado akamaliza raundi kwa 71, sawa na kiwango cha uwanja. Hebu fikirieni jinsi alivyocheza vizuri mashimo mengine yote! Mpira ukilala chini ya ukuta, utoe kwa pembeni, hata kwa nyuma ikibidi. Kupata 4 au 5 hapo si msiba.

Kuusoma upepo nako ni kazi. Wengi hung'oa majani wakayarusha, wakaridhika. Majani yanakuonyesha upepo wa kifuani tu, nao mpira unapita juu zaidi. Kwetu hapa, miezi ya kusi, mara nyingi vichaka hukukinga pale unaposimama kupiga, ukadhani kumetulia. Mimi hutazama vilele vya minazi, kisha bendera ya meli inayoingia Kilindini, kisha kijibendera cha grini. Vikipingana, nauamini ule wa juu. Pale Troon pia mchezaji husimama mahali pa juu, mpira ukapita juu ya bonde kabla ya kufika kilimani, na upepo wa bondeni si lazima uwe ule unaompiga shavuni.

Sikatai kwamba hali ya hewa hubadilika, na waliotoka asubuhi wanaweza kupata mteremko kuliko wa jioni. Hilo lipo, na linauma. Lakini wote wanaotoka saa ileile hupigwa na upepo uleule, na mmoja huondoka na 3, mwingine na 8.

Ombi langu ni dogo. Mnaporipoti The Open, pamoja na matokeo tuandikieni upepo ulivuma kutoka wapi, mchezaji alichukua fimbo namba gani, na mpira aliuangusha upande gani wa grini. Kedi wa miaka kumi na minane akisoma hayo asubuhi, jioni atayajaribu uwanjani.

Kedi wa zamani,
Likoni, Mombasa