Barua kutoka Tooting: halmashauri imebadilisha mikono

Tooting, London
8 Mei 2022

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na baridi imeanza kulegea. Najua utacheka: Alhamisi nimepiga kura ya udiwani, mimi na pasipoti yangu ileile ya Tanzania! Huku raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, akiwa na kibali halali cha kuishi, anajiandikisha na kupiga kura. Wengi wetu hawajui, na wengine wanaogopa kujiandikisha wasije wakajitafutia maneno na watu wa uhamiaji.

Hakukuwa na wino kidoleni wala hakuna aliyenidai kitambulisho. Unataja jina na anwani, unapewa karatasi, halafu unakuta penseli imefungwa kwa kamba. Penseli, shoga! Kwetu watu wangelala kituoni kulinda hiyo karatasi. Kata yetu ina viti vitatu, basi unaweka alama tatu.

Sasa sikia matokeo. Halmashauri yetu ya Wandsworth ilikuwa mikononi mwa chama cha Conservative tangu 1978. Sifa yao kubwa ni kodi ya halmashauri, ambayo ni ya chini kuliko karibu kote nchini, na kila uchaguzi waliwatisha watu kwamba wapinzani wao, chama cha Labour, wakiingia itapanda. Safari hii Labour wakaahidi kuiacha kodi hiyohiyo. Woga ukaisha. Labour viti 35, Conservative 22, na mgombea binafsi mmoja. Westminster nako, halmashauri nyingine ya London, walipo matajiri na Bunge lenyewe, Labour wamepata 31 kwa 23, na hawakuwahi kushinda huko tangu halmashauri ile ianzishwe miaka ya sitini. Barnet pia wameichukua kwa mara ya kwanza.

Magazeti yote yanasema ni hasira juu ya Waziri Mkuu Boris Johnson wa Conservative na zile sherehe za ofisini kwake wakati wananchi wamefungiwa ndani kwa korona. Faini ya polisi aliipata mwezi uliopita tu, kwa hiyo sikatai, imewaumiza. Lakini kama ni Boris peke yake, mbona Harrow wamewanyang'anya Labour wakawapa Conservative, siku ileile, mji uleule? Na Croydon, ambako halmashauri chini ya Labour ilitangaza mwaka 2020 kwamba fedha zimekwisha, umeya umekwenda kwa Conservative. Watu walikuwa na kesi zao za nyumbani. Westminster walijengewa na halmashauri ya Conservative kilima bandia pale Marble Arch ili kiwavute wateja warudi madukani. Kilima cha mabomba na majani, shoga, pauni milioni sita, na mwanzoni watu walitozwa kiingilio wakapande kuangalia miti. Mimi ningemnyima mtu kura kwa hilo tu.

Kioja chenyewe kiko halmashauri ya Tower Hamlets, hapahapa London. Lutfur Rahman, aliyevuliwa umeya na mahakama mwaka 2015 kwa hila za uchaguzi na kuzuiwa kugombea miaka mitano, amerudi na chama chake cha Aspire. Amempiga meya wa Labour, na madiwani wake ni 24 kati ya 45. Aliahidi kufungua barabara zilizozibwa magari yasipite, na wenye magari wakamsikia. Jirani yangu Mbangali anamtetea kufa na kupona. Mimi bado simwamini, na tumeshabishana mpaka chai ikapoa.

Hapa kwetu nangojea jambo moja: nyumba za halmashauri. Foleni yake ni ya miaka, na hawa wapya wameziahidi sana.

Nawe nieleze ya huko. Diwani wenu ameshauzibua ule mtaro wa sokoni, au anangoja 2025? Msalimie mama, mwambie vitenge vimefika salama.

Wako,
Shogayo wa Tooting